Shtaka Lililong'olewa

Mmeniomba kumbukumbu za kazi. Mlikuja watatu, mkakaa barazani kwangu, mkamaliza ndizi zangu zote za kuchoma, na yule mwenye miwani akasema, "Bibi, tuandikie jinsi mlivyokuwa mkitafsiri mahakamani zamani. Na sisi tunaitaka kazi hiyo." Nikasema nitaandika. Mlipoondoka nikajuta, maana huyu mnayemwomba kumbukumbu ndiye yule aliyesimama siku moja mbele za watu akasema hakumbuki. Mtaona huko mbele. Someni polepole, na msinisifu mkimaliza.

Nilikuwa karani na mkalimani katika mahakama moja hapa bondeni, miaka ya tisini. Jina la mahakama liacheni. Makosa nitakayoyataja ni yangu, si ya jengo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hakimu alikuwa Mtanzania kama mimi, na Kiswahili alikijua kunizidi, lakini jalada liliandikwa kwa Kiingereza, na uamuzi aliusoma kwa Kiingereza kama alivyouandika. Akimaliza ananitazama. Mimi namgeukia aliyesimama kizimbani, namweleza kwa Kiswahili kilichompata. Akiwa mzee wa Kindamba ambaye Kiswahili kinampita pembeni, namwongezea Kindamba cha mama yangu. Nasikia siku hizi hukumu zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ni vizuri. Nimeona watu wengi mno wakisimama pale kama magogo, wanasikiliza maisha yao yakisomwa kwa lugha wasiyoijua, halafu wananitazama mimi, mwanamke wa watu mwenye kitenge, wajue kama watalala kwao.

Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, tena cha kukariri. Aliyenitengeneza ni Mzee Tadei, karani mkuu, Mpogoro wa Mahenge, mwembamba, aliyevaa koti zito hata mwezi wa Januari bonde likichemka kama chungu. Tukikosa kesi alichukua karatasi iliyoharibika kwenye taipureta, akaigeuza, akanifundisha nyuma yake. Walimu wenu wanasema viambishi. Mzee Tadei alisema vipembe, kwa sababu vimeota mbele ya neno.

"Usikiogope Kiingereza, mwanangu," aliniambia. "Wenzetu wanaweka kipembe mbele, sisi tunaweka mkia nyuma. Wao 'lock', 'unlock'. Sisi?"

"Funga, fungua."

"'Cover', 'uncover'."

"Funika, funua."

"'Load', 'unload'."

"Pakia, pakua."

Tukawa tunashindana hivyo hata wakati wa chai. Yeye anatoa neno, mimi naligeuza: ziba, zibua, kunja, kunjua, choma mwiba, chomoa mwiba, tega, tegua. Siku moja nikamgeuzia kibao. Nikamwambia, "Mzee, kosa." Akafikiri, akakuna kidevu. Nikamjibia mwenyewe: "Kosoa!" Alicheka mpaka akakohoa. "Hapo umenipata," akasema. "Kumbe hata kosa lina mkia wake."

Lakini Mzee Tadei hakuwa mtu wa kukupa kitu bila kukuonyesha makali yake. Siku hiyohiyo aliniambia: "Shika na hili. Ukitegua mtego hujauchoma moto. Mtego upo palepale, na mwenye nao akitaka atautega tena kesho. Na vipembe vya Kiingereza ni hivyohivyo. Kimoja kinaondoa kabisa, kingine kinarudisha nyuma tu, kingine ni pambo." Mimi niliandika kanuni kwenye daftari langu. Hilo la mtego sikuliandika, niliona ni maneno ya wazee.

Basi nikawa na ufunguo mmoja, nikataka ufungue milango yote. Mnajua kilichotokea? Mzee mmoja wa Kisawasawa alikuwa amempiga jirani yake ngumi kwa sababu ya bata. Hakimu akamtazama kwa huzuni, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye binafsi yuko "disappointed". Nikapiga hesabu haraka. "Appoint" ni kuteua, kipembe kinageuza, basi ni kutengua. Nikamgeukia yule mzee nikatangaza kwa sauti: "Mheshimiwa hakimu anasema ametenguliwa uteuzi wake." Mzee akatoa kofia, akasema kwa upole, "Pole sana, mheshimiwa. Ni kwa sababu ya bata wangu?" Hakimu akanyanyua kichwa: "Nani ametenguliwa?" Kumbe alikuwa amesema amesikitishwa tu.

Siku nyingine polisi alitoa ushahidi kwamba mshtakiwa alikuwa "disarmed". Nilijua 'arm' ni mkono. Nikawaambia watu kuwa mshtakiwa aliondolewa mkono, naye amesimama kizimbani na mikono yake yote miwili, anaitazama mmoja baada ya mwingine. Kumbe alinyang'anywa panga. Mnacheka, na mimi nilicheka. Ubaya wa kosa la kuchekesha ni kwamba halikufundishi kuogopa.

Hebu niwape ya kazi kabla sijaendelea, maana ndiyo mliyoifuata. Simama mahali ambapo mshtakiwa anaona mdomo wako. Tarehe ya kurudi itaje mara mbili, kisha mwambie airudie yeye, kwa sababu mtu mwenye hofu anaitikia kila kitu. Usitie chumvi, hata ukimwonea huruma. Hasa ukimwonea huruma. Hujasikia, mwombe hakimu arudie, akununie akitaka. Na usifungue mdomo kabla hakimu hajafika mwisho wa sentensi, maana sheria huficha sumu mkiani. Haya yote niliyajua. Niliwafundisha hata makarani wapya.

Sasa Kaspari.

Kaspari alikuwa mvuvi wa Kivukoni, kijana wa miaka kama ishirini na saba, mrefu, mwenye zile aibu za watu warefu, anainama hata penye mlango mkubwa. Aliishi na mama yake. Samaki wake aliwaleta soko la Ifakara kwa baiskeli, tenga limefungwa nyuma kwa mpira. Baiskeli hiyo alikuwa ameinunua kwa mkata miwa mmoja aliyekuwa anarudi kwao Njombe. Siku moja pale sokoni mtu wa Kisawasawa akaishika usukani, akasema, "Hii ni yangu, niliibiwa." Kaspari akakamatwa, akashtakiwa kwa wizi, akapata dhamana.

Nilimkuta asubuhi moja kwenye benchi la nje, anasubiri kuitwa. Akasimama. "Shikamoo, dada karani."

"Marahaba."

"Naomba unisomee hii. Wanasema kila kitu kimo, lakini mimi herufi zinanikimbia."

Alitoa mfukoni mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi ya mauziano ya ile baiskeli. Muuzaji ameandika, balozi wa nyumba kumi ameshuhudia. Nikamsomea. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akataka kuniachia. Nikamwambia, "Hapana, itunze. Hakuna kitu kingine kitakachokuokoa. Zamu yako ya kujitetea ikifika, mkabidhi hakimu mkononi." Huo ulikuwa ushauri mzuri. Laiti ningeishia hapo.

Zamu yake haikufika. Yule mlalamikaji wa Kisawasawa hakutokea siku ya kwanza, hakutokea ya pili, na ya tatu mwendesha mashtaka akasimama akaomba kuiondoa kesi. Lilikuwa jalada la tisa asubuhi ile, joto limetubana, feni haizunguki. Hakimu akasoma upesi, kichwa kimeinama, kwamba mshtakiwa yuko "discharged". Nikaruka kwa furaha moyoni. 'Charge' ni shtaka, kila karani anajua. Kipembe kinaondoa. Neno lilikuwa limejifungua lenyewe! Hakimu bado alikuwa anasoma. Kulikuwa na mkia, maneno manane au tisa kwa sauti ya chini, kwamba uamuzi huo hauzuii kitu fulani. Niliusikia kama mnavyosikia redio ya jirani. Mimi nilikuwa natafuta neno zuri la Kiswahili.

Mzee Tadei, kama angekuwepo, angesema limeondolewa, kisha angesubiri mkia. Lakini alikuwa amekwisha kustaafu, amerudi Mahenge. Mimi niliona 'limeondolewa' ni neno kavu. Nikamgeukia yule kijana, nikasema, "Kaspari, shtaka lako limeng'olewa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Hakimu akagonga meza kutaka utulivu, akavuta jalada la kumi.

Saa ya chai niliwakuta nje. Mama yake, bibi mfupi mwenye mikono migumu ya jembe, akanishika viganja vyote viwili asiniachie. Kaspari alikuwa na bahasha iliyojaa: wito wa mahakama, hati ya dhamana, na ule mfuko wa nailoni.

"Dada, na haya makaratasi?" akaniuliza.

Nikasema, na sauti yangu ninaisikia mpaka leo, "Ya nini tena? Limeng'olewa na mizizi yake."

"Basi hayalali nyumbani kwangu," mama yake akasema. "Karatasi za kesi zikilala ndani zinaita nyingine."

Kulikuwa na mama muuza chai kando ya uzio. Bibi akaenda pale, akainama, akasukuma bahasha yote chini ya sufuria. Nilikuwa nimesimama hatua tatu. Niliuona mfuko ukijikunja, nikasikia harufu ya nailoni, nikajua kilichomo ndani, nikafikiri, na uende. Tulicheka wote. Bibi akaninunulia chai na vitumbua viwili.

Maji ya mto yalipanda yakashuka. Mpunga ulikuwa umeanza kuvunwa niliposikia kelele nje ya ofisi, nikachungulia, nikamwona Kaspari kati ya askari wawili. Nilidhani ni kosa la majina. Nikamkimbilia mwendesha mashtaka. Akanicheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyomcheka mtoto wa shule. "Mama, 'discharge' si 'acquit'. Yule hakuachiwa huru, aliachiwa tu. Mlalamikaji alikuwa anaumwa, sasa amepona. Tunaanza upya. Si ulimwambia?"

Mtego. Neno lilikuwa kutegua, na Mzee Tadei alikuwa amenipa mkononi. Ningepaswa kumwambia Kaspari: umeachiwa kwa leo, wanaweza kukushtaki tena kwa jambo hilihili, tunza karatasi zako. Maneno machache ya Kiswahili ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeyasema. Ndiyo maana nawaambia ninyi, usimtafsirie mtu neno peke yake. Mwambie kesho yake itakuwaje.

Mama yake aliingia ofisini bila kubisha. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasimama mbele ya taipureta yangu. Hakuwa na ukali. Alitaka kuelewa.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimepalilia mpunga tangu nikiwa msichana. Kitu kilichong'olewa na mizizi, kinaotaje tena?"

Nilimjibu, "Ndiyo sheria, mama." Hilo ndilo jibu tunalowapa watu tunapoona aibu.

Siku ya kesi balozi alikuja. Mzee mkweli, lakini hakujua kusoma. Akasema karatasi aliiona, dole gumba aliweka, kilichoandikwa hakijui, na yule mkata miwa alikwisha kuondoka, hata jina lake la pili halijui. Mlalamikaji akaonyesha alama ya kuchomelea chini ya kiti, mahali alipopataja kabla baiskeli haijapinduliwa. Ikabaki zamu ya Kaspari. Akainama kidogo pale kizimbani, ingawa hakukuwa na mlango.

"Karatasi ilikuwepo, mheshimiwa. Iliungua. Hata dada karani aliiona. Alinisomea mara mbili."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akanigeukia, na mara hii hakuongea Kiingereza. "Karani, ni kweli?"

Nataka mjue nilichofikiria, si kwa kujitetea. Mwaka ule mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi, na kwetu mahakamani pia kulikuwa na orodha ya kupunguzwa inayonong'onwa. Nilikuwa na watoto wanne. Nikisema ndiyo, swali la pili lingekuwa karatasi iko wapi. La tatu lingekuwa nani aliyemwambia haina kazi. Niliyaona maswali hayo yamepanga foleni kama watu wa zahanati. Kaspari alinitazama kwa utulivu kabisa, kwa sababu alijua jibu.

"Mheshimiwa," nikasema, "watu wengi wananiletea karatasi zao. Sikumbuki."

Hakimu akaandika. Kaspari hakukasirika. Alinitegea sikio kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya, anasubiri urudie. Sikurudia. Akafungwa miaka miwili, na baiskeli akapewa mlalamikaji. Hukumu nilimtafsiria mimi, sentensi kwa sentensi, mpaka mkia wa mwisho, na sikukosea hata neno moja.

Siwezi kuwaambia kama ile baiskeli kweli iliibwa Kisawasawa. Labda iliibwa, na mwizi akawa yule mkata miwa. Ninachojua ni kwamba Kaspari aliinunua mbele ya shahidi, na mtu wa kulithibitisha hilo kwa macho yake alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwa hakimu, na mshahara wake anaupata kwa kusema kwa sauti yaliyosemwa.

Mama yake alifariki kabla Kaspari hajatoka gerezani. Mwaka ule wa kwanza nilimwona mara moja barabarani, amebeba chakula cha kumpelekea, nikaingia dukani kununua kiberiti nisichokihitaji. Niliendelea na kazi kwa miaka mingi. Orodha ilipotoka jina langu halikuwemo. Nilisifiwa kwa umakini, na ni kweli nilikuwa makini, nilikuwa namrudishia hakimu sentensi kwa maswali mpaka ananuna. Kila niliposikia kile kipembe nilisubiri mkia.

Kisha siku moja, sokoni, nikasikia, "Shikamoo, dada karani." Alikuwa amekaa chini nyuma ya samaki wake. Amekonda, tenga lake liko pembeni na kata ya kitambaa juu yake. Alikuwa analibeba kichwani, kutoka Kivukoni.

"Marahaba, Kaspari."

Nilichagua samaki, sijui kwa nini sikuondoka. Akawafunga kwenye gazeti, taratibu, akanipa. Halafu, bila kuninyanyulia macho, kama mtu anayeuliza saa, akasema, "Sasa unakumbuka?"

Watu walikuwa wengi. Mke wa mwendesha mashtaka alikuwa meza ya pili, ananunua nyanya. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Niongezee na yule mdogo."

Akaniongezea. Baadaye niliambiwa amehamia juu ya mto, kambi za wavuvi, na tangu hapo sina habari zake. Mzee Tadei naye hayupo. Wote waliokuwa mahakamani siku ile, wengine wamekufa, wengine wamesahau, na kusahau kwao ni kwa haki. Kosa, kosoa: siku tulipocheka nilidhani mkia ule unaondoa kosa, kama chomoa inavyoondoa mwiba. Hauondoi. Unalisema tu. Kwa hiyo ninyi mnaotaka kazi hii, na mnaopita mitoni na kambini kwa shughuli zenu, mkikuta mzee mrefu anayeitwa Kaspari, msimwambie kuna bibi anaomba radhi. Msomeeni hii, maana herufi zinamkimbia.

Nakumbuka. Ulikuwa ukurasa wa daftari la mistari, umechanika upande wa kushoto. Kalamu ya bluu. Iliandikwa kwamba fulani, mkata miwa, amemuuzia Kaspari wa Kivukoni baiskeli yake nyeusi, kiti cha kahawia, kengele haifanyi kazi, na kwamba amepokea fedha yake yote na hatamdai tena. 'Baiskeli' iliandikwa 'basikeli', mara zote mbili. Chini kulikuwa na sahihi ya muuzaji, yenye mkia mrefu, na dole gumba la balozi, limekolea wino upande mmoja. Kaspari alikuwa ameketi kushoto kwangu, anaitikia kila mstari. Niliisoma mimi mwenyewe, mara mbili, kwa sauti.